Kabla Hujamsomea Soja Katiba

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye tuktuk natoka sokoni, nazi mbili mapajani na ng'onda ananukia hadi kwa dereva, tukapita mbele ya lile jumba la maduka. Nikaziona fulana zetu za kijani. Watano nyinyi, mmesongamana kwenye geti la pakingi, na mmoja wenu (ajijua) kidole juu, anamsomea soja kile kifungu cha Katiba cha haki ya kukusanyika na kupeleka malalamiko: "Kifungu cha thelathini na saba! Kifungu cha thelathini na saba!" Soja anamtazama kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipite. Nilimwambia dereva asimame. Halafu nikamwambia aende. Kitakachofuata nilikijua, maana nilishakifanya mwenyewe, hapa hapa Malindi, na kwa sauti kubwa kuliko hiyo.

Basi haya ni yenu mliojiunga na zoezi la saini baada ya Idi. Fomu mnazijua, malalamiko yetu ya njia za kwendea pwani mnayajua, na Halati wenu, yaani mimi, hana subira, hilo pia mmeshaambiwa. Sitawafunza kuongea na watu, mnaongea vizuri mno. Shida yenu ni mahali mnaposimama.

1. Jua unakanyaga kwa nani.

Barabara na ukingo wake ni wa umma. Ukivuka mtaro ukaingia pakingi umeingia kwa mtu, hata kama hakuna ukuta, hata kama humo ndimo unamonunua maziwa kila siku. Soko la kaunti ni la umma. Stendi ya matatu, uliza kwanza, nyingine ni ploti ya mtu. Uwanja wa msikiti nao una wenyewe, msinitie aibu kwa imamu tena.

Na pwani? Hapa ndipo penye raha. Kifungu cha 62 cha Katiba kimeitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kuwa na ukuta, mbwa na vitanda vya jua, lakini mchanga uliolowa si wake. Sasa msije mkakimbia na maneno haya kabla hamjamuuliza mvuvi. Siku za bamvua maji hupanda mpaka yakaramba ukuta, na huna pa kuweka hata kiti. Siku za maji mafu yanakuachia kipande tu, na huko juu kwenye mchanga mkavu unaanza kubishana na askari wa hoteli alama iko wapi. Kuna mwaka tulitandaza meza saa nne asubuhi bila kuuliza mtu, kufika saa sita fomu zinaelea, na aliyetuokotea nyingi ni mzee mmoja wa Kitaliano aliyevua viatu akaingia nazo hadi magotini. Zoezi la ufuoni hupangwa na kalenda ya mwezi. Anzeni maji yakianza kupwa.

2. Ilani ni ilani, si ombi.

Mkiwa kundi la kukusanyika au kuandamana, Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, aarifiwe si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, na mambo yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nakala yenu igongwe muhuri. Msiondoke kituoni bila muhuri, hata wakiwaambia mwenye muhuri ameenda kula.

Na msijidanganye kwamba ndani ya jumba la mtu ilani haihitajiki. Kwa sheria hiyo, mahali pa umma ni popote umma unaporuhusiwa kuingia, kwa kulipa au bure. Yaani pakingi ile ile, OCS akiitazama ni mahali pa umma, mwenyewe akiitazama ni kwake. Wewe uko katikati na bango lako.

3. Kalifonia haiko Kilifi.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Ilikuwa kabla ya korona. Tulikuwa watatu tu wakati huo, hatuna fulana wala meza. Geti la jumba moja la maduka lilikuwa na soja mtu mzima, mzee wa upande wa Ganda, ndevu nyeupe, buti za kampuni zimempita mguu. Jumamosi ya kwanza alitukuta tumesimama juani barabarani, akatuita. Ndani ya geti palikuwa na mkungu una kivuli kizuri. Akasema, "Kaeni hapo wanangu, lakini meneja akija mwaondoka." Tukakubali. Alituletea hata kiti cha plastiki, chake mwenyewe cha kukalia.

Tulikaa pale Jumamosi tatu, tukapata saini 214. Watu wakitoka na mifuko, wanaweka chini, wanatia saini, wanaendelea. Nilikuwa sijawahi kuona kazi nyepesi namna ile. Na mtu akipata wepesi huanza kujiona ana akili.

Usiku mmoja nikasoma kwenye simu habari za kesi ya PruneYard. Wanafunzi wa sekondari, kule Campbell, Kalifonia, waliingia jengo la maduka la jina hilo kukusanya saini za kupinga azimio moja la Umoja wa Mataifa. Wakatolewa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1980 wakashinda. Nilisoma hapo nikazima simu, nikalala na tabasamu. Kumbe sikuwa nimemaliza ukurasa.

Jumamosi ya nne meneja akaja. Kijana mpole, nasema kweli, alinisalimia kwanza. "Mama, naomba mhamie nje ya geti, wapangaji wamelalamika." Maneno ni hayo tu. Nami ningeinuka, ningesema ahsante, tungevuka barabara, na leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini nilikuwa nimesoma. Nikasimama. Nikamweleza Campbell, nikamweleza 1980, nikamwambia mwenye kufungua mlango kwa watu wote hawezi tena kuchagua nani aseme nini ndani. Watu wakaanza kukusanyika na mifuko yao. Mmoja akapiga makofi. Kichwa kikavimba. Meneja akaniuliza, "Mama, hiyo Kalifonia iko wadi gani?" Watu wakacheka, na kicheko kile kikaniuma, nikatafuta la kumjibu la kumaliza maneno. Nikalipata.

Nikasema, "Hata soja wako ajua haki zetu. Ndiye aliyetuweka hapa, na hiki kiti ni chake!"

Nilimwona yule mzee. Alikuwa ameshika daftari la kuandikia namba za magari, lile lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akainama akaanza kuandika. Pale getini hapakuwa na gari. Aliandika taratibu, herufi moja moja, namba ya gari ambalo halikuwapo, na hakuinua uso mpaka tulipotoka.

Jumatatu getini kulikuwa na mwingine. Mama wa mahamri ng'ambo ya barabara ndiye aliyeniambia kibarua cha mzee kimeota nyasi. Mdomo uliponza kichwa, wasema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwenziwe, changu kikabaki juu ya mabega.

Nilimaliza wiki mbili najipa sababu za kutokwenda. Mwishowe nikachukua unga, sukari na majani ya chai, nikapanda boda hadi kwake. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima. Akamwita mjukuu apande mnazi, nikaangushiwa dafu. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mahindi. La kazi hakuligusa, na mimi niliyekuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima sikuweza kulianza. Mkewe alipokuja kupokea ule unga akanitazama, akauliza, "Wewe ndiwe yule wa Katiba?"

Nikasema ndiye.

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Ukurasa niliumaliza baadaye, na ngoja niwape chote mnachohitaji, maana naona kesi ile ile inazunguka tena kwenye simu zenu. Wale vijana walishinda kwa Katiba ya jimbo lao la Kalifonia. Mahakama ya Juu ilichosema ni kwamba jimbo likitaka kuwapa watu wake uhuru zaidi ndani ya maduka, linaweza, na mwenye jengo hajanyang'anywa mali kwa hilo. Katiba ya Marekani yenyewe inaifunga serikali, haimfungi mwenye duka. Mwaka 1972 waliogawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya jengo la maduka kule Portland walishindwa mbele ya mahakama hiyo hiyo. Mmoja aliyewahi kushinda kwa katiba ya nchi ni Grace Marsh, Shahidi wa Yehova, mwaka 1946, kule Chickasaw, Alabama. Lakini kule kampuni ya kuunda meli ilimiliki mji mzima, barabara, nyumba na maduka. Na Waingereza waliotaka kuokoa uwanja wao katika mji unaoitwa Washington, wakazuiwa kuweka meza ndani ya jengo la maduka, walikwenda hadi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2003 wakaambiwa njia nyingine mlikuwa nazo: nyumba kwa nyumba, mitaani, magazetini.

Lakini lililonitoa jasho ni jingine. Wale watoto wa Campbell, soja alipowaambia watoke, akawaonyesha na ukingo wa barabara, walitoka papo hapo. Kesi waliifungua baadaye. Yaani hao niliowatangaza mbele ya watu walikuwa na adabu kunishinda mimi.

Kwetu ni vingine. Kifungu cha 20 kinasema haki za Sura ya Nne zinavifunga vyombo vya dola na watu wote. Watu wote. Hapo mlango uko wazi kidogo kuliko wa Mmarekani, na wakili mzuri anaweza kupitisha mguu. Ila cha 40 kinalinda mali, na cha 24 ndicho mizani ya kupimia haki moja na nyingine. Mizani hiyo iko mkononi mwa jaji. Soja wa zamu ya mchana, anayelipwa kwa mwezi na kampuni ambayo haimiliki hata tofali moja la jumba lile, hana mizani. Ana redio na rungu.

4. Ukiambiwa toka, toka.

Sheria ya kuingia kwa mtu bila ruhusa, Sura ya 294, haiongelei kuingia tu, kubaki bila ruhusa ya mwenyewe na bila sababu ya maana ni kosa vilevile. Uliza kwa upole aliyetoa amri ni nani, andika saa, toka, kisha barua.

5. Spika hapana.

6. Fomu zilizojazwa zifunikwe, mna namba za vitambulisho vya watu na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi.

7. Msikamatwe Ijumaa jioni.

Sitanii. Kifungu cha 49 kinakupa kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kwisha. Lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, unangoja siku ya korti inayofuata. Hesabu mwenyewe Ijumaa jioni ni lini. Shtaka lenyewe mara nyingi ni kuvuruga amani, na amani hiyo huvurugwa na wewe kupandisha sauti, kwa hivyo rudi ukasome namba 5. Kuna ndugu yetu alingoja hivyo akiwa na fulana na kikoi tu, akatoka Jumatatu akiwajua mbu wa selo kwa majina, na mpaka leo ukimpangia zoezi la wikendi anauliza kwanza mwezi una Ijumaa ngapi.

8. Andikeni barua.

Hili hamlipendi kwa sababu halina kelele. Baada ya aibu ile niliandikia maduka matatu. Moja halikujibu. La pili lilikataa kwa barua nzuri yenye muhuri. La tatu lilitupa kimeza kando ya mlango, Jumamosi mbili, saa tatu hadi saa sita, bila bango. Hiyo ilikuwa hisani, msiiite haki, na hisani ina mwisho wake. Lakini barua iliyokataliwa nayo ina kazi: siku mkienda kwa jaji kusema mlinyimwa nafasi, mna karatasi. Na lile lililokataa, tulivuka barabara tukakaa kwa mama wa mahamri, tukapata saini kuliko ndani, maana pale ndipo kila mtu anapongojea tuktuk na mzigo wake, hana pa kukimbilia.

Malalamiko yenyewe hupelekwa bunge la kaunti kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Tumebakisha saini chache. Jumamosi hii ni saa mbili asubuhi kwa mama wa mahamri, ng'ambo ya geti, si ndani ya geti. Kila mtu na kalamu mbili, za bluu.

Na wewe wa kidole juu, njoo mapema kuliko wenzio. Soja yule huingia zamu saa kumi na mbili na hapewi nafasi ya kutoka kunywa chai. Mnunulie kikombe na mahamri mawili, umpelekee pale pale getini, umwamkie, urudi. Kitabu cha Katiba kiache kwangu.