Mwanangu, uliuliza kuhusu "alma mater"

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Tuko wazima, mama yako anakusalimu sana.

Umeuliza kwa nini barua ya chuo ya kukuomba mchango inakuita "alumna", yaani mhitimu wake, chuo chenyewe kinajiita "alma mater", na kama maneno hayo yana dini ndani yake. Yanayo, tena ya zamani kuliko Kanisa letu.

Yote yametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, alere: kulisha, kulea. Alumnus (wa kike alumna, wakiwa wengi alumni) ni mtoto wa kulea. Kwenye maandishi ya makaburi ya Warumi, mara nyingi ni mtoto aliyelelewa na wasiomzaa, wengine waliokotwa baada ya kutupwa. Hata adultus, mtu mzima, limetoka humohumo: aliyelishwa hadi akakua.

Alma ni mwenye kulisha, na mater ni mama. Mshairi wa Kirumi Virgil alimwita alma Ceres, mungu wa kike wa nafaka, ambaye hekalu lake pale kwenye kilima cha Aventino, tangu 493 KK kwa mapokeo yao, lilikuwa kimbilio la makabwela wa Roma. Mshairi mwingine, Lucretius, alimwita hivyo Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Wakristo nao wakampa Bikira Maria jina hilo: mimi nililijua seminarini, tulipoimba Alma Redemptoris Mater usiku wa Majilio, kabla sijajua maana yake. Chuo cha Bologna, Italia, kinachohesabu umri wake tangu 1088, kinajiita hivyo hadi leo.

Kwa hiyo usilisome alma kama "mwema" tu. Ni wema unaofika mdomoni.

Warumi wenyewe waliwahi kuliweka jambo hili kwenye daftari la fedha. Kaisari Trajan, mwanzoni mwa karne ya 2, aliendesha mpango ulioitwa alimenta. Wenye mashamba Italia walikopeshwa fedha za serikali, ardhi yao ikawa dhamana, na riba waliyolipa ikalisha watoto. Bamba la shaba lililofukuliwa Veleia, kaskazini mwa Italia, mwaka 1747 linataja viwango: mvulana wa ndoa sesterti (sarafu za Kirumi) 16 kwa mwezi, msichana 12. Aliyezaliwa nje ya ndoa alipata pungufu kuliko mwenzake wa ndoa: mvulana 12, msichana 10. Wavulana wa ndoa walioandikishwa ni 245, wasichana 34. Kila nikiisoma hiyo 34 nawafikiria waliobaki nje ya orodha, maana njaa yao ilikuwa ileile.

Sasa huo mchango wanaouomba. Wengi hudhani "alumni" ni wadaiwa wa chuo. Mimi naliona neno likimdai kwanza aliyejiita mama. Ukiwa nacho, toa, lakini andika wazi kwamba ni kwa ajili ya chakula cha wanafunzi, hasa wale ambao boom, fedha yao ya kujikimu, limechelewa na wanashindia chai. Unawajua, ulikaa nao bwenini. Wakikuambia hakuna mfuko wa namna hiyo, waombe waufungue, uwe wa kwanza kuchangia. Na mimi nitaongeza changu.

Baba yako