Jua lisipochomoza, toka nje: ushauri kwa wanaohamia Tromsø

Wanafunzi wengi hufika Tromsø mwezi wa Agosti, vyuo vinapofunguliwa. Milima bado ya kijani, saa tatu usiku mwanga upo, na mgeni anawaandikia wa nyumbani kwamba huku si kubaya kama tulivyotishwa. Ni kweli si kubaya. Ila Agosti ndio mwezi wa kujiandaa, na anayeumaliza kwa kutafuta meza na kitanda tu atafika Novemba hana viatu, hana nguo za ndani za sufu, wala hajui hata njia moja ya kuingia msituni.

Nawaandikia ndugu zangu wasemao Kiswahili wanaokuja kuishi kaskazini mwa Norwei: wanafunzi kutoka Tanzania na Kenya, familia za Kongo zilizopewa makazi huku, na kila aliyeletwa na kazi au ndoa. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuona nani anastawi na nani anadhoofika. Anayetoka nje kila siku, hata jua lisipokuwepo, mwaka humwendea vizuri. Anayejifungia ndani akingoja hali ya hewa nzuri huumia, na huumia kimyakimya, maana kwetu si kawaida kusema kwamba giza limekuelemea.

Kwanza ijue hali ilivyo. Tromsø iko karibu kilomita 350 kaskazini mwa Duara la Aktiki, lakini mkondo wa bahari unaoleta maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huufanya mji huu uwe na wastani wa nyuzi 4 hivi tu chini ya sifuri mwezi wa Januari. Bandari haigandi. Baridi yenyewe basi inavumilika kuliko unavyodhani. Yanayomshinda mgeni ni mengine matatu: giza, upepo na utelezi.

Giza lina tarehe zake. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halipandi juu ya upeo wa macho, na kwa kuwa kusini tumezibwa na milima, mjini tunaliona tena karibu na tarehe 21 Januari. Wageni wakisikia hivyo hudhani ni usiku mtupu kwa miezi miwili. Sivyo. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kunakuwa na mwanga, wa buluu kwanza, halafu wa waridi upande wa kusini, kisha wa buluu tena. Theluji ikiwa imeanguka, mwanga huo mdogo huongezeka maradufu, kwa sababu ardhi nzima inaurudisha juu.

Saa hizo nne zilinde. Ukiweza kupanga vipindi au kazi, uache nafasi ya kutembea saa sita mchana, hata nusu saa. Mama mmoja wa Uvira aliyekuwa jirani yangu alipitisha wiki nyingi za Desemba yake ya kwanza mapazia yakiwa yamefungwa. Alikuwa akilala mchana, akikesha usiku, na kichwa kikimuuma. Tukaanza kwenda naye kuzunguka Prestvannet, ziwa dogo lililo juu ya Tromsøya, kisiwa palipo na katikati ya mji, watoto wakivutwa kwenye sleji. Siku ya kwanza alisimama akaangalia mbingu, akaniambia, "Kaka, kumbe huku mchana iko." Tangu hapo alikuwa yeye anayenigongea mlango.

Jioni pia toka. Katikati ya kisiwa hiki, toka kaskazini hadi kusini, kuna njia ya msituni yenye taa, inayoitwa lysløype, na karibu kila mji wa Norwei una yake. Theluji ikishatandazwa kwa mashine, watu wa kila umri hupita pale baada ya kazi kwa skii, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni kutelezea juu ya theluji. Anza na skii nyembamba za tambarare, wala usikimbilie za kushukia mlimani. Utaanguka, watoto wa chekechea watakupita, na hakuna atakayekucheka. Mwezi mpevu wa katikati ya baridi nao una ajabu yake: unaweza kukaa angani mchana na usiku kwa siku kadhaa bila kutua, na msituni ukaona njia bila tochi.

Mwanga wa kaskazini, ule wa kijani unaocheza angani, huonekana kuanzia mwisho wa Agosti hadi mapema Aprili, hasa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku, mawingu yakiruhusu. Watalii hulipa fedha nyingi kuufukuzia kwa mabasi. Wewe unayeishi hapa huna haja hiyo. Ondoka penye taa za barabarani, nenda kule Prestvannet au ufuo wa Telegrafbukta kusini mwa kisiwa, vaa vizuri, subiri.

Na kuvaa vizuri ndiko nitakakokaa kidogo, maana hapa ndipo fedha za wengi hupotea. Usinunue koti moja nene la bei kubwa ukadhani umemaliza. Unachohitaji ni tabaka tatu. La kwanza ni nguo nyembamba za sufu zinazoshika mwili, juu na chini. La pili ni sweta ya sufu. La tatu ni koti na suruali ya kuzuia upepo na mvua. Pamba isiguse mwili wako siku ya kwenda mlimani: hunyonya jasho ikabaki na maji, na ukisimama kupumzika, mwili unapoa ghafla. Sufu hata ikilowa inaendelea kukutunzia joto. Anza matembezi ukihisi ubaridi kidogo, kwani ukitoka mlangoni ukiwa na joto, baada ya mwinuko wa kwanza umeshalowa.

Viatu chukua saizi kubwa kidogo kuliko ya nyumbani, ili soksi ya sufu ienee na vidole viweze kuchezeka. Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na hapo soksi hata mbili hazisaidii. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko zenye vidole. Halafu nunua brodder, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu. Tromsø theluji huanguka, mvua ikanyesha juu yake, usiku ikaganda, asubuhi mji mzima ni kioo. Wazee wa hapa hawatoki bila meno hayo, na vijana wetu wanaoona aibu kuyavaa ndio nawaona wakija darasani mkono ukiwa umefungwa bandeji.

Vaa pia vipande vya kuakisi mwanga, refleks, kwenye mkono na chini karibu na goti. Dereva aliyewasha taa za chini humwona mtu mwenye nguo nyeusi akiwa mita 25 hadi 30 tu mbele yake. Mwenye refleks humwona akiwa zaidi ya mita 100. Huu si urembo, tena mara nyingi hugawiwa bure.

Kwa wazazi nina neno. Chekechea za hapa huwatoa watoto nje kila siku, kwenye mvua na kwenye theluji, na vichanga hulazwa nje ndani ya vigari vyao, wamefunikwa vizuri. Najua linavyotushtua jambo hilo. Usimfiche mtoto ndani ukidhani unamwokoa. Wape walimu vifaa kamili: sufu, nguo ya nje ya kuzuia maji, glavu za akiba jozi mbili, soksi za akiba, vyote viandikwe jina. Mtoto mwenye vifaa hivyo hucheza siku nzima, na usiku hulala bila kusumbua. Mtoto asiye navyo ndiye anayelia, na mzazi akahitimisha kwamba baridi ya huku haifai kwa watoto.

Chakula nacho ni sehemu ya kujikinga. Majira ya baridi jua la huku haliwezi kuupa mwili vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe ili kuitengeneza. Zungumza na daktari au muuguzi wa kituo chako cha afya juu ya kiasi kinachokufaa, hasa kama una mimba au unanyonyesha. Wenyeji hunywa tran, mafuta ya ini la samaki, kila asubuhi. Kuanzia Januari huja skrei, samaki wakubwa kutoka Bahari ya Barents wanaokwenda kuzaliana pwani hizi, na watu hula mølje: nyama ya samaki, ini na mayai yake, vyote vya kuchemsha. Sisi wa pwani hatuhitaji kubembelezwa kula samaki. Tia ndimu na pilipili, utaona.

Jua likirudi Januari, watoto wa shule hutolewa nje kulilaki na mji mzima hula maandazi ya jamu yanayoitwa solboller. Kula nao. Kuanzia hapo hadi Machi mchana huongezeka kwa takriban dakika 10 kila siku, theluji ni nyingi kuliko wakati wowote, na hamu ya kupanda milima inakuja. Hapa naomba unisikilize kwa makini.

Maporomoko ya theluji huua watu karibu kila mwaka katika milima hii, na wengi wao walikuwa watu wenye uzoefu. Mteremko wenye zaidi ya nyuzi 30 unaweza kuporomoka, na theluji ikishaanza kushuka hufika mbali hadi bondeni, alipo mtu anayedhani yuko tambarare. Kabla ya kutoka, soma tahadhari kwenye tovuti ya Varsom, ambayo wakati wa baridi hutoa ngazi ya hatari ya kila eneo kila siku, kuanzia 1 hadi 5. Usidhani ngazi ya 3 ni ya katikati, yaani ya kawaida. Hatari yake tayari ni kubwa. Kama hujafundishwa kusoma theluji, na huna kifaa cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji, fimbo ndefu ya kuichoma theluji hadi umguse na sepetu ya kumfukua, na wenzako hawajui kuvitumia, baki kwenye misitu na njia zisizo na mteremko mkali juu yake. Ziko nyingi, na ni nzuri. Upepo uangalie kwenye Yr, tovuti ya utabiri wa hali ya hewa, na ukiona unavuma sana juu, badili safari.

Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walifariki katika milima ya Norwei, na baada ya hapo Msalaba Mwekundu na Chama cha Watalii cha Norwei walizieneza kwa nguvu kanuni za mlima, ambazo leo hata mtoto wa shule anazijua. Ya nane inasema: geuza mapema, hakuna aibu kurudi. Kanuni hii iweke moyoni. Sisi tumelelewa kutowaangusha wenzetu, na katika kundi la Wanorwei wanaopanda haraka, mgeni hunyamaza hata vidole vya miguu vikiwa vimekufa ganzi. Sema. Sema mapema, kabla hujachoka. Mnorwei hatakudharau kwa hilo. Atafungua mkoba, akupe kahawa, mrudi. Mwambie pia mtu aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi lini, na uwe na programu ya Hjelp 113 kwenye simu, ambayo huwaonyesha waokoaji mahali ulipo unapopiga.

Majira ya joto hayahitaji maelezo mengi, ila usingizi. Kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai jua halitui kabisa. Nunua mapazia mazito, lala kwa saa, wala usiongozwe na mwanga. Kwa Waislamu swali la saa za sala na mfungo ni zito, na baadhi ya waumini wa hapa hufuata saa za Makka. Uliza msikitini mapema. Mengine ni raha. Ngazi za mawe zilizojengwa na Washerpa kutoka Nepal hukupandisha hadi Storsteinen, mita 421 juu ya bahari, na saa sita usiku utakuta familia zinakula huko juu.

Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, hata ya mtu binafsi, mradi hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba na usikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa. Kuvua baharini kwa ndoana ni bure. Samaki aina ya samoni mtoni lazima ulipie. Moto haukokwi msituni wala karibu nao kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Septemba. Ukikuta reindia, wanyama wenye pembe kama kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, hasa Mei wanapozaa, simama au zunguka kwa mbali. Ni mifugo ya watu, na jike likikimbizwa huweza kumwacha ndama wake.

Fedha isiwe kizuizi. Katika manispaa nyingi kuna vituo vya BUA vinavyoazimisha skii, viatu, sleji na mahema bila malipo, na maduka ya mitumba yana sufu nzuri kwa bei ndogo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kwenda naye. Wanorwei wengi hawakaribishani nyumbani haraka, lakini Jumapili hukualika matembezini, na huko, mkiwa mnatembea bega kwa bega, ndiko wanakozungumza. Mfanyakazi mwenzako akikualika, kubali, kisha muulize mnaondoka saa ngapi, njia ina mwinuko gani, na ubebe nini. Nawe peleka chai ya tangawizi ya kutosha watu wawili.