Kabla ya Kuwasha Projekta, Mkanda Upite Vidoleni

Kila baada ya miezi michache hunifikia mtu aliyekuta makopo ya filamu kwenye stoo ya marehemu mzazi wake, au nyuma ya jengo ambalo zamani lilikuwa sinema na sasa ni ghala, na swali lake la kwanza huwa ni wapi atapata projekta ya kuzionyeshea. Nimekuwa nikijibu kwa simu, kwa haraka kuliko ninavyopenda, kwa hiyo leo nimeona niandike jibu kamili. Projekta isitafutwe kwanza. Kinachotakiwa kwanza ni meza safi, taa, na mchana mzima usio na shughuli nyingine, ili mkanda wote upite vidoleni mwa mtu kabla ya kupita kwenye mashine.

Niliingia chumba cha projekta mwaka 1974, nikiwa msaidizi, katika sinema moja ya katikati ya Dar es Salaam, enzi ambazo Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox zilikuwa bado zikijaza watu, na Jumapili familia nzima nzima zilitoka kwenda kutazama filamu za Kihindi. Nilidhani nitafundishwa kuwasha taa. Mzee aliyekuwa opareta mkuu alinikalisha kwenye meza ya kuzungushia mikanda, na kwa miezi minne sikugusa projekta. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha rili kwa mkono, polepole, huku kingo mbili za mkanda zikipita kati ya kidole gumba na cha shahada, na kusimama kila nilipohisi kitu.

Ili msomaji aone kwa nini mzee yule alishikilia jambo hilo, ni lazima nieleze mashine yenyewe inaufanyia nini mkanda. Filamu ya milimita 35 yenye sauti hupita mbele ya taa kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, lakini haipiti kwa kuteleza kama maji ya mfereji. Ndani ya projekta kuna gurudumu dogo la meno linaloendeshwa na chuma chenye umbo la msalaba, nalo huushika mkanda kwa matundu yake ya pembeni, huuvuta picha moja, huusimamisha kabisa mbele ya lenzi, kisha huuvuta tena, mara 24 katika kila sekunde. Ndiyo maana juu na chini ya lango la picha, yaani uwazi ambao mwanga hupitia kuangaza picha, opareta huacha kitanzi cha mkanda uliolegea, kwa kuwa magurudumu mengine huzunguka bila kusimama, na pasipo kitanzi hicho mkanda ungekatika papo hapo. Kila picha ina matundu manne kila upande. Filamu ya saa tatu, kama zilivyokuwa nyingi za Kihindi, ina picha 259,200 na urefu wa futi 16,200, yaani karibu kilomita tano, ikigawanywa katika rili ambazo kila moja, ikijaa futi 2,000, huchukua dakika 22 hivi. Tundu moja lililochanika katika kilomita hizo tano linaweza kupita salama jana na juzi, na leo likasimamisha onyesho mbele ya ukumbi mzima.

Mimi nililipata tundu hilo siku ya Idd, katika mwaka wangu wa pili kazini, wakati tayari nilikuwa nimeaminiwa kuendesha projekta moja kati ya mbili za chumba chetu, zilizokuwa zikipokezana rili. Nakala ya filamu ilikuwa moja na sinema zilizoigawana zilikuwa mbili: wenzetu walianza mapema, na kila rili ilipokwisha kwao kijana wa baiskeli aliifunga nyuma na kutuletea. Kwa siku za kawaida mpango huo ulitupa nafasi ya kutosha, lakini siku ya Idd barabara zilijaa watu na watoto waliovaa nguo mpya, na rili ya saba ilifika wakati ya sita ikiwa imebakiwa na dakika chache. Nilikuwa na muda wa kuirudisha nyuma kwa mashine, wala sikuwa na muda wa kuipitisha vidoleni. Niliipandisha kwenye projekta hivyo hivyo. Ilipofika kama katikati, matundu kadhaa ya upande mmoja yalikuwa yamechanika na kuungana kuwa mpasuko mmoja, meno hayakupata pa kushika, na mkanda ukasimama langoni.

Taa yetu ilikuwa ya kaboni. Vijiti viwili vya kaboni husogezwa karibu karibu na umeme ukaruka kati yake kwa mwali mweupe usiotazamika kwa macho matupu, na joto lake huvumilika kwa mkanda kwa sababu moja tu, kwamba kila picha hukaa mbele yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Picha iliyosimama iliiva. Ukumbi mzima uliona doa la hudhurungi likizaliwa katikati ya uso wa mwigizaji, likapanuka, likatoboka na kuacha mwanga mtupu, na miluzi ikaanza. Mimi nilikuwa nimeganda. Mkono uliofunga kizuia mwanga ulikuwa wa mzee, ambaye alikuwa upande wa pili wa chumba na sijui alifikaje. Aliwasha taa za ukumbi, akakata mkanda, akaunga, akapandisha, na onyesho likaendelea. Hakunigombeza mbele ya mtu yeyote. Kesho yake asubuhi alinipa filamu nzima, rili zote, na kuniambia niizungushe kwa mkono kuanzia mwanzo.

Kwa hiyo, wewe uliyerithi mkanda, fanya hivi. Vaa glavu za pamba au nawa mikono na kuikausha, kwa maana jasho la vidole huacha alama isiyotoka. Shika kingo peke yake, usiguse uso wa picha. Zungusha taratibu, kwa mwendo ambao ungeweza kusimama bila kuushtua mkanda. Mpasuko wa tundu utauhisi kama mkwaruzo mdogo unaonasa kwenye glavu, kiungo cha zamani utakihisi kama unene wa ghafla, na mahali palipopinda kingo zitakimbia vidole. Kila unaposimama, tazama kwa taa, pinda kiungo kidogo uone kama kinaachia, kisha andika. Usiwe na haraka ya kutengeneza. Asiyewahi kuunga filamu anaweza kuharibu katika dakika moja kilichodumu miaka hamsini, na kuandika tu kwamba rili ya pili ina viungo kumi na vinne vilivyolegea ni msaada mkubwa kwa fundi atakayekuja baadaye.

Nasisitiza kutokata ovyo, na sababu yake wengi hawaijui. Sauti imechapwa kama mstari mwembamba pembeni mwa picha, lakini sauti ya picha fulani haikai kando ya picha hiyo hiyo: hukaa picha 20 mbele yake, kwa sababu kichwa cha kusomea sauti kimewekwa chini ya lango. Ukikata picha tatu kwa ajili ya doa, umeondoa pia kipande cha neno ambalo mwigizaji angelitamka karibu sekunde moja baadaye, na mtazamaji atasikia mruko mahali ambapo haoni kasoro yoyote.

Utakapofika mwishoni mwa rili utakuta, kwenye pembe ya juu kulia ya picha, vidoa viwili vya duara vinavyotokea kwa nyakati mbili, cha kwanza sekunde kama nane kabla ya mwisho na cha pili sekunde kama moja. Hizo zilikuwa saa zetu: cha kwanza kilituamuru tuwashe mota ya projekta ya pili, cha pili tubadilishe mwanga. Mara nyingi utakuta pia mikwaruzo, misalaba na matundu yaliyotobolewa na maopareta ambao hawakuviamini vidoa hivyo, wakaongeza alama zao. Inaniuma hadi leo kuziona. Tafadhali usiongeze ya kwako, hata kwa kalamu.

Sasa nije kwenye harufu. Ukifungua kopo ukakutana na harufu ya siki, mkanda huo ni wa asetati, aina ya plastiki, na umeanza kuoza. Tindikali inayotoka humo huharakisha uozo wa mikanda iliyo karibu, kwa hiyo utenge siku hiyo hiyo, na usiufungie kwenye mfuko wa plastiki, maana utauchemsha katika mvuke wake wenyewe. Uweke mahali penye ubaridi na pakavu, jambo ambalo kwa sisi wa pwani ni mtihani: stoo chini ya bati ndiyo mahali pabaya kuliko pote, na chumba chenye kiyoyozi, hata kama ni cha ofisi ya jamaa, ni bora mara nyingi. Ukiona ukungu mweupe, usifute kwa maji, kwa sababu tabaka linalobeba picha limetengenezwa kwa jelatini na litavimba. Ukiona rangi zote zimegeuka kuwa za waridi, ni rangi za zamani zilizofifia, wala hukuziharibu wewe.

Hatari ya kweli ni moja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda ya milimita 35 ilikuwa ikitengenezwa kwa naitreti, ambayo ikishika moto haizimiki hata ikitumbukizwa majini, kwa kuwa hujizalishia oksijeni yenyewe. Tazama kingo za mkanda. Ukisoma neno "SAFETY" unaweza kutulia kwa kiasi kikubwa; ukisoma "NITRATE", au usipokuta chochote na filamu ni ya kabla ya miaka hiyo, funga kopo, litoe ndani ya nyumba wanamolala watu, lisipigwe na jua, na utafute mtaalamu wa nyaraka kabla ya kuligusa tena.

Halafu andika kadi. Mzee wangu alikuwa na kadi ndani ya kila kopo, ya karatasi ngumu iliyokatwa kutoka kwenye matangazo ya filamu zilizokwisha kupita, na juu yake kulikuwa na tarehe, namba ya rili, idadi ya viungo na picha zilizopotea. Kopo lilipohamia sinema nyingine, kadi ilikwenda nalo, na opareta wa huko alijua anapokea nini hata kama hatukuwahi kuonana. Asubuhi ile baada ya Idd, nilipofika rili ya saba, alinisogezea kalamu na kukaa kimya mpaka nikaandika mwenyewe kwamba picha nne zimeungua, na kwamba mkanda ulipandishwa bila kukaguliwa.