Ruzuku ya serikali ya Ulaya na tamko la Gaza: kipi hasa kinachofunga mdomo wa jumuiya?

SUALI: Assalamu alaykum Bi, shikamoo. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya vijana huku Wete. Tangu mwisho wa 2023 tunachangisha kwa ajili ya Gaza, tunatia sanduku misikitini baada ya sala ya Ijumaa, na tumeshatoa matamko mawili. Sasa shirika moja la Ulaya linataka kutupa ruzuku ya vyoo vya skuli, na tumeambiwa pesa zenyewe zinatoka serikali yao, ambayo msimamo wake kwenye vita vile sote tunaujua. Mkataba una kipengele kuwa ruzuku isitumike kwa shughuli za kisiasa. Kamati imegawika. Wako wanaosema tukichukua ndo tumeshanunuliwa, tusiseme tena. Na yuko mtaalamu aliyetuandikia andiko la mradi anasema tusaini tu, pesa za Gaza tuzihamishie kwenye simu ya mshika fedha zisionekane. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Hilo la simu ya mshika fedha jibu lake ni hapana, na nitalirejea chini maana limenipandisha presha tangu nimelisoma.

Nimekagua hesabu za jumuiya Unguja na Pemba miaka zaidi ya ishirini na suali lako naletewa karibu kila mwezi, leo Gaza, kesho Sudan, na kila mara nyuma yake naikuta imani ileile: pesa ya serikali ina siasa, pesa ya sadaka haina. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wakishaamini hivyo wanafanya moja ya mambo mawili, ama wanakataa msaada ambao watoto wa skuli wanauhitaji, ama wanauchukua kisha wanaanza kuficha ficha vitu ambavyo havikuwa na haja ya kufichwa.

Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, ilianza 1942 pale Oxford, na ilianza kwa kuiambia serikali ya Uingereza, katikati ya vita vya pili vya dunia, iruhusu chakula kipite kwenye mzingiro wake yenyewe kiwafikie watu wa Ugiriki waliokuwa wanakufa njaa chini ya Wajerumani. Yaani hilo tunaloliita leo "NGO kuingilia siasa" ndilo lililowazaa. Baadae wakaja kupokea pesa nyingi za serikali na bado wakawa wanasema. Walipokuja kukemewa, 1991, aliyewakemea ni msimamizi wa jumuiya za hisani wa Uingereza kwa kampeni yao ya kutaka Afrika Kusini ya makaburu iwekewe vikwazo, na suala halikuwa nani kawalipa, lilikuwa sheria ya usajili wao. Sheria ile inasema jumuiya ya hisani inaweza kushawishi na kupiga kelele kwa ajili ya lengo lake, ila isiunge mkono chama na siasa isiwe ndo lengo lenyewe. Mfuko wa Amnesty, wale watetezi wa haki za binadamu, ulishindwa mahakamani 1981 kwa sababu hiyohiyo, na Amnesty ndo hao wanaojizuia kuchukua pesa za serikali kwa utafiti na kampeni zao. Kukataa kwao pesa hakukuwasaidia pale.

Na hiyo pesa ya waumini mnayoiona safi, jee? Kawaulizeni wazee juu ya Biafra, ile sehemu ya Nigeria iliyojitenga ikaingia vitani na serikali yake. Makanisa ya Ulaya na Marekani yalichangisha, ndege zikawa zinaruka usiku kutoka São Tomé zinashuka Uli, ndani ya Biafra, kwenye barabara iliyogeuzwa uwanja, na chakula kile kiliokoa watoto wengi. Lakini kwa serikali ya Nigeria kule Lagos ndege zile zilikuwa zinarefusha vita, na tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ikatunguliwa. Tanzania yetu hii ilikuwa imeshaitambua Biafra tangu Aprili 1968, Ufaransa ilikuwa inaipelekea silaha kwa siri. Mama wa kanisani aliyetoa senti yake hakuwa na siasa yoyote moyoni, lakini senti ile ilipofika ilikuwa ndani ya siasa mpaka shingoni. Ikishavuka mpaka kwenda kwenye vita, pesa inasomwa na kila upande kwa macho yake, iwe ya waziri au ya sanduku la msikiti wa Wete.

Sasa rudi kwenye mkataba wako. Chukua kipengele kile, uangalie nani anakatazwa. "Ruzuku isitumike" ni kitu kimoja, "mpokeaji hatajihusisha" ni kitu chengine kabisa. Kwenye la kwanza inayokatazwa ni pesa. Kwenye la pili unakatazwa wewe, mchana na usiku, hata kwa pesa ya sanduku lako. Nimeona watu wazima na digrii zao wanasaini la pili wakidhani ni la kwanza. Februari 2016 serikali ya Uingereza ilitangaza kipengele cha namna ya kwanza kwa ruzuku zake zote, kwamba zisitumike kuishawishi serikali wala bunge, mashirika yakapiga kelele, Aprili kikasimamishwa, Desemba wakatoa viwango vyengine badala yake. Wengi hadi leo wanasimulia kuwa Uingereza ilizifunga midomo NGO. Kilichotakiwa kufungwa ni matumizi ya pesa ile, na hilo peke yake lilitosha kuwatia watu khofu wakanyamaza na kwa pesa zao pia.

Halafu usiisome tafsiri. Tafsiri ya Kiswahili aliyokupa mtaalamu wenu haina nguvu yoyote kama mkataba unasema nakala ya Kiingereza ndo inayosimama, na karibu yote inasema hivyo. Kama wewe Kiingereza cha kisheria kinakushinda tafuta wakili mmoja akae na nyinyi saa moja. Na msiishie kwenye ukurasa wa saini, mambo mazito yako kwenye viambatisho, kule maandishi yanapokuwa madogo kama punje za mchele.

Kuna jumuiya moja niliikagua hapa Unguja, jina sitaji, asilimia 94 ya mapato yake yalitoka kwa mfadhili mmoja. Mkataba wao ulikuwa mzuri, hakuna mahali palipowakataza kusema. Nikapitia kumbukumbu za vikao, nikakuta kwenye kikao cha Machi: "suala la tamko liahirishwe hadi awamu ya pili ya ruzuku iingie". Kikao cha Juni, maneno yaleyale. Cha Septemba, yaleyale, sasa awamu ya tatu. Hakuna balozi aliyepiga simu wala barua iliyoandikwa. Walijifunga wenyewe kwa ile 94.

Linganisha na MSF, wale madaktari wasio na mipaka, ambao nao walizaliwa 1971 baada ya Biafra ileile kwa sababu baadhi ya madaktari wa Kifaransa walichoka kutibu na kunyamaza. Juni 2016 walitangaza hawatachukua tena pesa ya Umoja wa Ulaya wala nchi wanachama, kwa kupinga mkataba wa Ulaya na Uturuki wa kuwazuia wakimbizi. Mwaka wa kabla yake pesa hizo zilikuwa kama yuro milioni 56. Nyingi ee? Kwao ilikuwa kama asilimia 4 tu ya mapato. Watu wanasifu ushujaa wao na mimi nausifu, lakini ushujaa ule ulijengwa kwenye vitabu vya hesabu miaka mingi kabla, shilingi ndogondogo za watu wengi, ndo maana siku ya kusema hapana wakaweza kulipa mishahara mwezi uliofuata. Kwa hiyo katika kikao chenu suali la "tumenunuliwa?" liacheni, ulizeni hii ruzuku itakuwa asilimia ngapi ya mapato yetu yote ya mwaka, na ikikatwa ghafla tunabaki na miezi mingapi. Maana inakatwa. Oktoba 2023 Uswisi ilisimamisha pesa kwa mashirika 11 ya Wapalestina na Waisraeli kwa pamoja. Israel iliyatia mashirika sita ya Kipalestina kwenye orodha ya ugaidi Oktoba 2021, Julai 2022 nchi tisa za Ulaya zikasema hazikuletewa ushahidi wa kutosha na zitaendelea kushirikiana nayo, lakini mambo kama haya yakiwa yanasubiriwa, mishahara inasubiri, na mwenye nyumba wa ofisi hasubiri.

Kiambatisho ninachotaka ukisome mara mbili ni cha orodha za vikwazo na ugaidi, yaani ahadi kwamba pesa haitamfikia mtu wala kundi lililoorodheshwa. Hichi ndicho kinachoweza kukuumizeni, si kile cha siasa. Jumuiya ya Kipalestina BADIL ya Bethlehem ilikataa kusaini kipengele cha namna hii cha Umoja wa Ulaya, ruzuku ikaondoka, na wao walijua wanachokataa. Marekani ni wakali zaidi, mahakama yao kuu 2010 iliamua hata mafunzo na ushauri, bila ya senti moja, vinaweza kuhesabiwa ni kulisaidia kundi lililoorodheshwa. Na kama kuna pesa ya Marekani ndani ya mnyororo wenu, jueni na hili: 2013 mahakama hiyohiyo ilisema mashirika yao ya ndani hayawezi kulazimishwa kutamka msimamo wa serikali ili yapate ruzuku ya UKIMWI, 2020 ikasema kinga hiyo haiyahusu matawi yao yaliyosajiliwa nchi za nje. Nyinyi wa Wete mko nje ya kinga hiyo.

Kwa hiyo suali ninalokuuliza mimi, na ambalo hukuliandika: pesa za sanduku zilipotoka Pemba zilikwenda kwa nani? Jina la shirika, nchi gani, benki gani, risiti iko wapi? Kama majibu unayo, hamna cha kuficha. Kama huna, basi tatizo lenu lilianza kabla hiyo ruzuku haijatajwa.

Na hapa ndo narudi kwa huyo mtaalamu. Pesa halali, ya watu wenye imani, iliyochangishwa mchana msikitini, anaitoa kwenye akaunti yenye jina la jumuiya anaitia kwenye simu ya mtu mmoja. Mshika fedha akifariki kesho, Mungu apishe mbali, zile ni mirathi, na watoto wake hawajui za Gaza ni zipi. Akikaguliwa yeye ndo anaulizwa kwa nini anapokea mamilioni na kuyapeleka nje. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia nchi kwa mambo haya, Oktoba 2022 kwa udhaifu wa kudhibiti fedha chafu na za ugaidi, tukatolewa Juni 2025, na miaka ile yote mabenki yalijifunza kuuliza, sasa wanauliza kwa mazoea. Muamala uliogawanywa kwenye simu binafsi ndo hasa unaowashtua. Umeigeuza sadaka kuwa kitu kinachonuka na haikuwa na harufu yoyote.

Hawa watu wanaojiita wataalamu wa maandiko wamenichosha roho yangu. Wanakuja na asilimia yao mkononi, wanachukua ruzuku ikishaingia, hawapo siku ya ukaguzi. Nilifunguliwa "sera ya kuzuia ufadhili wa ugaidi" ya jumuiya moja ya wavuvi Pemba, ukurasa wa tatu unazungumzia mifugo na wilaya ya bara, kumbe imenakiliwa nzima nzima na walioisaini hawakuifungua. Kila mtu kwenye kamati ile alikuwa mwema. Lakini saini zao ziko pale, na mfadhili akiuliza hatamtafuta mwandishi, atawatafuta wao. Akikwambia mtu "saini tu, hawafuatilii", muulize yeye atasaini wapi.

Kufungua akaunti ya pili si kosa, ifungueni, ila kwa jina la jumuiya, kwa azimio la kikao, saini tatu, vitabu viwili vya risiti vya rangi tofauti. Hapo kesho mkitoa tamko mnaweza kuonesha karatasi za tamko, nauli na kipaza sauti vimelipwa na kitabu kipi. Kabla ya kusaini muandikie mfadhili barua pepe, umuulize kwa maneno mepesi: sisi tunachangisha kwa ajili ya Gaza na tunatoa matamko kwa pesa zetu wenyewe, jee mkataba huu unatuzuia? Jibu lake mlihifadhi pamoja na mkataba. Akisema ndiyo unawazuia, basi kamati iamue ikijua, na kukataa kwa sababu hiyo mimi nitakuheshimuni.

Matamko yenyewe, kuisemea Palestina hapa kwetu si jambo geni, PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ilifunguliwa ofisi Dar es Salaam tangu 1973. Msije mkampa mgombea kipaza sauti siku ya mkutano wenu tu, hapo mmetoka kwenye kutetea mmeingia kwenye chama, na mrajis wa jumuiya atakuwa na haki ya kukuiteni. Na jina la shirika linalokupelekeeni msaada msilitie kwenye tamko bila ya kuliuliza. Mwaka 2009 Sudan ilifukuza mashirika 13 ya kimataifa mara tu mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, ilipotoa hati ya kumkamata rais wake Bashir, na waliobaki bila ya maji na dawa ni watu wa kambi za Darfur. Israel nayo Machi 2025 ilitoa taratibu mpya za usajili zinazoruhusu kulikataa shirika kwa misimamo yake, kama kuunga mkono ususiaji. Nyinyi mkiandika Wete mnalala salama, anayepita na gari ya unga ndo anayesimamishwa kizuizini.

Nitumie mkataba kamili, wa Kiingereza, na viambatisho vyote, usinipigie picha ukurasa wa saini peke yake. Na leo, kabla hujafanya chengine, mwambie mshika fedha arejeshe kwenye akaunti ya jumuiya chochote kilichokwishaingia kwenye simu yake, achapishe taarifa ya miamala, mwenyekiti na wewe mtie saini na tarehe, iingie kwenye faili la Gaza pamoja na vishina vya risiti.