Kiangazi kikifika, wadogo zangu wa Bukavu, pandeni kijijini mkafanye kazi

Wadogo zangu wa Kadutu na Bagira, mitaa ya mji wetu wa Bukavu, wananiuliza kila mara juu ya nini kiangazi kikifika napanda vijiji vya Walungu kubeba mawe ya kujengea chemchemi, wakati mjini pia taabu iko ya kutosha na siku ya kupumzika ni moja kwa wiki. Najibu vile iko: inanipa furaha. Sisemi furaha ya kupigiwa makofi, nasema ile ya kuchoka mpaka vidole havikunjiki vizuri, unateremka Bukavu jioni na matope kwenye suruali, unakula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, bila kuchagua, unalala fofofo, na asubuhi ukiamka kitu cha kwanza unachowaza ni yale maji kama bado yanatoka. Pesa sijapata huko hata franga moja na sijawahi kuitafuta. Leo nataka niwaelezee vizuri namna ya kwenda, juu wengi wanatamani lakini hawajui waanzie wapi, na wengine wanafikiri lazima kwanza uwe na shirika, gari lenye bendera na bajeti.

Si lazima. Sisi tulianza na likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. Ni watu wa avenyu moja, kuna fundi wa ujenzi, kuna mwalimu, kuna wamama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni, kuna motari wa kubeba watu kwa pikipiki, kuna wanafunzi wa chuo. Kila mtu anachanga kidogo na kila mtu anapokea kwa zamu yake kama likelemba yoyote, ila tuliongeza zamu moja ambayo haina mwenyewe. Mzunguko ukifika kwa hiyo zamu, feza inanunua sima, ile saruji ya kujengea, na mabomba. Ni mmoja wa wale wamama alileta hilo wazo, na mpaka leo yeye ndiye anaishika feza ya ile zamu, hakuna mtu anathubutu kumkopa.

Kazi yetu kubwa ni chemchemi. Bushi, nchi ya Washi inayozunguka Bukavu, ni nchi ya milima, maji iko kila bonde, mtu wa mbali anaweza kushangaa watu wanaugua vipi juu ya maji wakati maji yanatiririka mbele yao. Lakini chemchemi ambayo haijajengwa ni kidimbwi tu, mbuzi anakunywa humo, mtoto anaingiza miguu humo humo, mvua ikinyesha uchafu wote wa mlimani unateremka ndani, na kipindupindu huku kwetu Kivu si hadithi, ni ugonjwa ambao kila mtaa unaweza kukutajia nani ulimchukua.

Kuijenga kunahitaji uvumilivu zaidi kuliko elimu. Mnafukua pole pole kufuata maji mpaka kwenye jicho lake, fasi yanapochomoka kwenye mwamba ama kwenye changarawe, na hapo lazima fundi awepo juu ukichimba ovyo maji yanaweza kuhama. Mnasafisha, mnapanga mawe yaliyooshwa na changarawe, mnafunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kusudi maji ya juu yasipenye, mnasimamisha ukuta mbele na bomba ndani yake, kwa kimo ambacho bido, lile dumu la lita 20, inasimama chini wima bila kuinamishwa. Kule juu mnachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, mnazungusha uzio, na choo kikae mbali, angalau mita 30, tena upande wa chini. Mikaratusi msiipande karibu, ule mti unakunywa maji sana. Haya yote ni kazi ya mikono mingi, na mikono njo kitu kijana wa mjini anacho hata kama mfukoni hakuna kitu.

Wakati nao una maana. Nendeni kati ya Juni na Agosti. Kwanza mashamba yamekwisha kuvunwa, watu wako na nafasi, lakini Septemba mvua ikianza kila mtu yuko anapanda maharagi na hata ukimwita kwa upole hatakuja, na ana haki, ile mbegu njo chakula cha watoto wake. Pili, chemchemi ambayo bado inatoa maji Agosti inakuonyesha nguvu yake ya kweli. Tatu njia. Mfuko wa sima ni kilo 50, barabara inaishia mbali na bonde, na kuupandisha mgongoni kwenye utelezi wa mvua ni kutafuta kuvunjika mguu bure. Na siku hizi, kabla hujafikiria hata sima, uliza hali ya usalama ya ile njia kwa watu wanaopita kila siku, madereva na wamama wachuuzi, wao wanajua kabla ya redio.

Sasa jambo ambalo nalishikilia kuliko yote: usiende na jibu lako mfukoni. Unafika, unajionyesha kwa shefu wa kijiji, unaeleza nyinyi ni nani, halafu unaomba kukaa na watu, na wamama wawepo. Naweka mkazo kwa wamama juu niliona. Kijiji kimoja upande wa Ngweshe, huko huko Walungu, tulikaa chini ya mti, wanaume wakaongea kwanza, wakasema wanataka tuwasaidie njia ya kuteremshia kasiksi, ile pombe ya ndizi, na ndizi zenyewe kwenda sokoni, na ni kitu cha maana, sisemi si cha maana. Mwalimu akasema madawati, juu toka masomo ya msingi yafanywe ya bure mwaka 2019 watoto walijaa na wengi wanakaa chini kwenye udongo. Wamama walinyamaza. Tukawaomba waseme. Akasimama mama mmoja mzee, hakusema mengi, akageuka akatuonyesha mgongo wake na ile kamba inayopita kwenye paji la uso, unajua namna wamama wa huku wanavyobeba, akasema watoto wake wanaamka saa kumi ya usiku kwenda maji na wanafika masomo wanasinzia, sasa hilo dawati atakalia nani. Hakuna mwanaume aliyebishana. Hata wale wa njia ya kasiksi, siku ya kazi walikuja wa kwanza.

Kwa kawaida tunapatana hivi: sima na mabomba ni sisi, mawe, mchanga na mfinyanzi ni wao, jasho ni la wote. Kuna watu wa mjini wanasema hiyo ni kuwatesa maskini, kama unataka kusaidia leta kila kitu. Sikubali. Mtu aliyebeba jiwe lake mwenyewe kutoka mtoni hatakubali mtoto alirushie uchafu. Na kijiji kinajua vitu ambavyo fundi wetu hajui, kinajua mawe mazuri yako wapi, kinajua mwaka ule maji yalipopungua yalihamia wapi. Mzee mmoja asiyejua kusoma njo alituonyesha jicho la pili la maji lililokuwa limefunikwa na majani, na leo lile njo linatoa maji mengi.

Ila msimwache shefu awatoe watu kwa nguvu. Wazee bado wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, kazi ya lazima, ukikosa unaadhibiwa, na neno hilo bado lina uchungu kwenye midomo ya wengine hata kama leo tunalitumia kwa usafi wa mtaa. Kwa hiyo tunasema wazi mbele ya wote kwamba anayetaka aje, asiyetaka abaki na kazi zake, hakuna jina litaandikwa. Siku ya kwanza wanakuja wachache wanaangalia kama mtafanya kweli ama mtakaa kivulini. Shika chepe mapema. Wakikuona unachimba, ya pili watakuwa wengi na mtaanza kuimba pamoja.

Furaha yenyewe nikueleze ninavyoiona. Siku ya kuachia maji kwenye bomba, yanatoka kwanza na udongo, rangi ya matofali, kila mtu anaangalia fundi na fundi anaangalia chini. Mnasubiri. Yanaanza kufifia, yanakuwa na ukungu, halafu ghafla yanakuwa meupe unaona kucha zako ndani yake. Mama wa kwanza aliyefika hakujaza bido. Alimwita mjukuu wake, akamnawisha uso, akamnawisha miguu, akamgeuza akamwangalia, njo akacheka. Baada ya hapo vigelegele, wasichana wakamwagiana maji, wazee wakatukemea tumalize uzio kwanza juu ng'ombe hawasubiri sherehe. Hapo mtu akikuuliza umepoteza nini Jumamosi zako utamwangalia tu.

Na sasa sikia hili, juu wengi wanakosea hapa. Ukipewa, pokea. Watu wa mjini tunapenda kusema "hapana mama, usijisumbue, nyinyi muko na shida," tunadhani ni heshima. Yule mama mzee wa kamba, jioni ya siku ya mwisho alikuja na kitunga cha viazi na maharagi mabichi juu yake, akakiweka mbele yangu. Kijana mmoja wa kwetu akataka kukirudisha. Uso wa mama ukabadilika palepale. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema "Asinge mama," salamu ya heshima kwa Mashi, lugha ya huko, naye akajibu, akaenda zake anatembea wima kabisa. Naye pia alikuwa na haki ya kutoa. Furaha hii ninayowaambia si mali ya watu wa Bukavu peke yetu, yule mama anaijua kuliko sisi, na ukimkatalia kitunga chake unamwambia kwamba yeye ni wa kupokea tu maisha yake yote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni naye anapona akikaa vizuri, akala walichopika, akanywa walichomimina, akasikia habari za shamba na za binti anayeolewa.

Juu ya picha niwe mfupi. Ukuta piga, bomba piga, fundi akiwa kazini piga. Mtoto mwenye nguo zilizochanika usimpige picha ukaiweka kwenye simu yako kusudi watu waseme uko na roho nzuri. Mama yake hakukupa ruhusa, na siku moja huyo mtoto atakuwa mkubwa na ataiona.

Na si lazima iwe sima. Mei 2023, mafuriko yalipobeba Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na mamia ya watu wakafa, avenyu yetu ilikusanya vitu kama mitaa mingine mingi ya mji. Nguo zilikuwa nyingi. Mama mmoja muuza sambaza akaleta sufuria yake kubwa, ile anayopikia familia nzima, yenye mfuniko. Tukamuuliza wewe utapikia nini. Akasema mtu aliyepoteza nyumba akipata nguo bila sufuria atawalisha watoto nini, na yeye ataazima kwa jirani mpaka anunue nyingine. Nimejifunza kwake kutoa kitu ambacho mwenye shida anakitumia siku ileile, na tangu hapo kila tukifungasha mzigo tunajiuliza kwanza: huyu mtu jioni ya leo atafanya nini na hiki?

Kama uko na ujuzi, uende nao. Mwanafunzi wa uganga anaweza kukaa na wamama akawaonyesha, na kijiko mkononi, maji ya kumpa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita ukingo, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na kwamba mtoto akilegea akimbizwe santi ya afya bila kungoja. Awarudishie wamama wapime wenyewe mbele yake, asiwasomee tu. Fundi mbao arekebishe yale madawati ya mwalimu, tulirudi kwa hayo mwaka uliofuata kama tulivyoahidi. Mtu asiye na ujuzi wowote abebe mawe, na mawe hayaishi.

Mwisho wa kazi msiondoke kabla kijiji hakijachagua watu wa kuiangalia chemchemi, na wamama wawe wengi humo juu wao njo wanafika pale kila siku. Tunawaachia kipande cha bomba cha akiba, chepe moja, na kila nyumba inachanga kidogo kidogo kwa matengenezo, wao wenyewe wanapanga kiasi na nani anashika. Halafu mvua za Septemba zikishapiga wiki chache, tafuta siku, panda peke yako ama na mwenzako, bila sima na bila kutangaza. Angalia mtaro wa juu kama umejaa udongo, angalia ufa kwenye ukuta, weka mkono nyuma ya bomba usikie kama maji yanapita pembeni. Mara nyingi utakuta wamekwisha kuusafisha mtaro wenyewe na watakukalisha wakuulize mambo mengine, nani ameoa, masomo yanaendaje, na lini mnakuja kuona kile kidimbwi cha kijiji cha jirani, juu shefu wao amekwisha kutuma mtu kuuliza.