Usimfungie ndani, na usiwe mtu pekee anayejua

Usimfungie. Hizo chupa ziache zilipo. Mengine baadaye.

Dada mleta mada, bandiko lako nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika mwisho moyo ulinilipuka. Umeandika aya saba. Miaka mitatu na huyu kaka; wewe ndiye unayelipa, unayefua, unayempigia bosi wake kusema ana homa. Yeye hajawahi kukuuliza hata umeshindaje. Anaanza kunywa kabla hajanawa uso, na amekuapisha usimwambie mtu. Ukauliza kama ni ubinafsi kumwacha mgonjwa, utajuaje kama atabadilika, na utamwambiaje bila kumvunja. Halafu mwishoni, kama mtu anayeaga tu, ukadokeza kwamba kwanza utampa nafasi moja: Ijumaa hii unafunga mlango, unamwaga pombe yote, mnazima simu, mnashinda ndani siku tatu mpaka "atakate".

Wachangiaji kumi na tisa wamepita hapo wakakusifu kwa upendo. Mmoja kakumwagia kopa kibao. Mimi nilifanya hivyohivyo, kwa siku hizohizo tatu, na mwenzangu alianguka sakafuni asubuhi ya pili, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kujirusha hadi bega likachomoka. Halijakaa sawa mpaka leo.

Nitaeleza kwa lugha ya fundi gari, maana mimi si daktari na nilieleweshwa hivyo na daktari aliyenionea huruma. Pombe kwa ubongo ni breki. Mtu akiikanyaga kila siku kwa miaka, ubongo nao hujizoesha kukanyaga mafuta muda wote ili usizimike. Ukiing'oa breki ghafla, mafuta bado yamekanyagwa. Mikono inatetemeka, jasho linamwagika, moyo unakimbia, usingizi hakuna. Wengine huishia hapo na kupona. Wengine hupatwa na kifafa, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho. Na kuna ile hali mbaya zaidi, madaktari wanaita deliriamu tremensi, mtu anaweweseka na kuona visivyokuwepo. Hiyo kwa kawaida huja kati ya siku ya pili na ya nne. Piga hesabu mwenyewe hizo siku zako tatu zinaangukia wapi. Vijana wa unga wanajua arosto, yale mateso ya mwili uliozoea kilevi ukikikosa, na wanaiogopa. Sisi wenye walevi wa nyumbani tunadhani arosto ya pombe ni kichwa kuuma tu. Inaua. Ndiyo maana anayekunywa kiasi hicho huachishwa na daktari, kwa dawa kama diazepamu inayopunguzwa kidogokidogo, na vitamini B1.

Sasa, unadhani hilo ndilo kosa langu kubwa? Hapana. Lile lilikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Kosa lenyewe lilikuja saa moja baadaye, hospitalini.

Daktari wa mapokezi aliniuliza, "Anatumia kilevi?" Nikasema hapana. Nilijibu haraka, bila hata kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Miaka minne nilikuwa nimejibu hapana kwa kaka yake, kwa mwajiri wake, kwa jirani, kwa mama yangu mzazi. Nilikuwa na ugonjwa wangu wa kuwatajia, kipandauso. Kwa hesabu ya uongo wangu, yule mwanamke ndiye mtu aliyeumwa kipandauso kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuishi. Nilikuwa nashika simu yake na kuwaandikia ndugu zake ujumbe kama yeye, na vituo vyake, na utani wake. Nilifika mahali nikawa naandika kama yeye vizuri kuliko yeye.

Muuguzi akauliza tena. "Labda kwenye sherehe," nikasema.

Daktari wa pili akauliza. Nikakasirika! Mwanaume mzima nimesimama nikamwambia daktari kwamba anamdhalilisha mke wa mtu. Basi wakafuata njia niliyowaonyesha. Wakatafuta kifafa cha kuzaliwa nacho, wakatafuta homa ya uti wa mgongo, wakaandika vipimo, na saa zinakwenda. Usiku akaanguka mara ya pili, mbele yao. Alipozinduka alianza kuokota wadudu kwenye shuka. Hakukuwa na wadudu.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alinivuta nje ya wodi. Akaniambia, "Baba, mimi si mkwe wako wala si bosi wake. Chupa ngapi kwa siku?" Nikasema nusu. Akanitazama. Nikasema moja. Akaendelea kunitazama. Hata pale, mgonjwa anaokota wadudu ndani, mimi nilikuwa napatana bei. Tulipofika idadi ya kweli aligeuka bila kusema neno, na ndani ya dakika chache dawa zilibadilishwa.

Angekufa, angeuawa na siri yangu, si na pombe peke yake. Hilo ndilo ninalolala nalo. Bega ni kovu tu la nje.

Kaka yake alifika alfajiri. Hakunipiga, ingawa ningeelewa. Aliuliza kitu kimoja: "Miaka minne unaniambia kipandauso?" Alikuwa na haki. Baadaye nilijua kwamba marehemu baba yao alikuwa hivyohivyo, kwamba ukoo mzima ulishayapitia, kwamba kulikuwa na daktari wanayemfahamu na dada mkubwa aliyewahi kulea mgonjwa wa aina hiyo. Msaada wote ule ulikuwa umekaa upande wa pili wa simu, na mimi ndiye niliyekuwa naandika "niko salama, kichwa tu kinasumbua".

Na nani alinifundisha? Hapa naomba mnivumilie. Kuna bwana mmoja, mshauri wa mahusiano, ana wafuasi wengi na sauti nzuri ya kubembeleza. Simtaji, hana hata haja ya kutajwa, wapo kama yeye kila mtaa wa intaneti. Nilimlipa. Akaniambia mapenzi ni kumsitiri mwenzako, anayemwanika mwenzake hana mapenzi, na kwamba nikimfungia siku tatu kwa upendo atatoka mpya. Nilipomwandikia siku ya kwanza usiku kwamba anatetemeka na jasho limelowesha godoro, alinijibu: "Sumu inatoka hiyo, vumilia." Sumu inatoka! Nilipomwandikia kutoka hospitalini hakujibu. Wiki iliyofuata kaweka mada mpya kuhusu subira. Huwa natamani siku moja afungiwe yeye na mgonjwa wangu, tuone kitatoka nini.

Neno lenyewe, kusitiri, ni zuri, sina ugomvi nalo. Unamsitiri mtu aliyeteleza, unamfunika nguo iliyopeperuka. Lakini mwenye jipu humfuniki ukaondoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na walimsema mgonjwa mwenyewe; sijui wangemwita nani mtu anayekaa mlangoni kumfichia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, sina nyingine: usiwe mtu pekee anayejua. Usiamue kubaki, usiamue kuondoka, usifunge wala kufungua mlango wowote, kabla angalau watu wawili hawajajua unachojua: mmoja wa damu yake, na mmoja wa hospitali. Si jukwaa zima. Si mama mkwe mwenye kipaza sauti. Wawili wenye akili.

Najua utasema hili halijibu swali lako la kubaki au kuondoka. Linajibu. Mimi miaka minne nilijiuliza swali hilo kila usiku na sikupata jibu hata mara moja, kwa sababu halikuwa swali la mapenzi tena. Unawezaje kujua kama unampenda mtu wakati unaamini ukitoka tu paa linamwangukia? Ukiwa nguzo pekee, kila hatua kuelekea mlangoni inaonekana kama mauaji. Unabaki, na unapaita kubaki huko upendo. Nilipowaambia, mzigo uligawanyika. Kaka yake akashika kliniki, dada akashika usiku, na wiki ya pili nikajikuta nimekaa bure kwenye kiti kando ya kitanda chake, sina simu ya kupiga wala uongo wa kutunga. Nikamtazama. Alikuwa na fahamu zake zote. Akaniambia nimletee chaja. Hakuuliza nimelala wapi siku zile zote.

Hapo ndipo nilipojua. Sikuchukia. Niliona tu kwamba ukiondoa uuguzi na uongo, kati yetu hakukuwa na kitu kingine, na pengine hakijawahi kuwepo tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa naishi kwa zile siku mbili tatu kwa mwaka alizokuwa ananiuliza "na wewe je?" Siku moja ya namna hiyo ilinitosha miezi minne. Ngamia angeniomba nimfundishe.

Niliondoka miezi mitano baadaye, mchana, kaka yake akijua, daktari akijua, yeye akijua. Paa halikuanguka. Aliugulia kwao, akarudia kunywa mara mbili, akarudi kliniki mara mbili, na mara ya mwisho nilipopata habari zake alikuwa anaendelea vizuri bila mimi. Nikiri kwamba hilo "bila mimi" liliniuma kidogo. Mtu ukijizoesha kuwa mwokozi, hupendi kusikia mgonjwa amepona kwa mkono wa mwingine.

Ubinafsi? Kuna chama cha ndugu na wenza wa walevi, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Lois Wilson, mke wa Bill Wilson, ambaye mwaka 1935 alikuwa mmoja wa wawili walioanzisha chama cha walevi wanaotaka kuacha, Alcoholics Anonymous. Yaani mume alipata chama chake, na mke bado akahitaji cha kwake. Huko wana msemo kuhusu ulevi wa mwenzako: hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Maneno hayo yanapatikana bure. Mimi nililipia "sumu inatoka".

Jambo moja ambalo hukuandika lakini nahisi lipo, kwa sababu kwangu lilikuwepo: akikwambia atajidhuru ukimwacha, mwamini. Usibishane, usimpime. Siku hiyohiyo waambie ndugu zake na mfikisheni hospitali. Tena usiahidi kuitunza siri hiyo. Ila kumwamini si sawa na kusaini kwamba utakaa naye peke yako maisha yote. Hapo pia anahitaji watu, na wewe mmoja hutoshi. Na kama mkono wake umewahi kukugusa, kila nilichosema kuhusu kuondoka mchana yeye akijua, kifute. Panga na watu wako kwanza, kimyakimya, ondoka, kisha ndipo ajue.

Swali lako la pili lilikuwa lipi vile? La kubadilika. Ngoja kwanza tuvuke Ijumaa.

Umesema ana dada anayepiga simu kila Jumapili na wewe humjibu kwamba kaka yake amelala. Usingoje Jumapili. Mpigie leo, mwambie kiasi cha kweli, kile cha kweli kabisa, si kile utakachoanza nacho. Kesho mmoja wenu aende kwa daktari na idadi hiyohiyo, mwulize aachishwe vipi, na mpaka mpate jibu asikatishwe ghafla. Akianza kutetemeka sana, kuchanganyikiwa au kuanguka, ni hospitali saa hiyohiyo, na ukiulizwa anakunywa kiasi gani, jibu mara ya kwanza.

Nipo mtandaoni hadi usiku. Ukishaongea na huyo dada andika hapa neno moja tu, "nimepiga". Hao wa kopa wasikujibie.