Kusaini didi kwa notari bado si kumaliza: nilivyofanya sachi na kusajili nyumba kaunti hapa Minnesota

Dada, umeuliza hivi: unanunua nyumba hapa Minnesota kwa mtu mnayejuana, keshakutumia picha ya didi yake (ile hati ya kuhamisha nyumba) kwa WhatsApp, na mnataka mwende kwa notari msaini mmalizane bila kuingiza kampuni ya taito, zile zinazokagua na kusimamia uhamisho wa umiliki, manake zinakula pesa. Sasa unataka kujua sachi, yaani kukagua rekodi za umiliki na madeni ya nyumba, inafanywaje na mkishasaini karatasi unaipeleka wapi. Ngoja nikwambie yaliyonipata mimi mwaka juzi, binamu yangu alipotuachia nyumba yake mimi na dada yangu. Mie si wakili, ni dereva wa basi la shule, lakini ile ofisi ya rekoda wa kaunti, anayetunza karatasi za nyumba, niliikanyaga mara nne mpaka yule mama wa dirishani akawa ananijua kwa jina.

Kwanza weka kando mazoea ya nyumbani. Kwetu Mombasa ukionyeshwa hati unaenda ofisi ya ardhi, unalipia sachi, na serikali yenyewe inakuandikia kwamba mwenye ardhi hii ni fulani. Huku Marekani sehemu nyingi kaunti haikwambii nyumba ni ya nani. Mtu analeta karatasi iliyosainiwa mbele ya notari, wanaipiga namba na tarehe na saa, wanaiskani, wanaiweka pamoja na zingine, basi. Kama aliyesaini hakuwa na nyumba ya kutoa hiyo si kazi yao kuchunguza. Kwa hivyo ile picha uliyotumiwa inaonyesha tu kwamba siku ile jamaa alipewa. Kama baadaye kaiuza nusu, kaichukulia mkopo, au mkewe wa zamani bado yumo, haisemi.

Ila Minnesota ina jambo lake. Nyumba zingine ni za mtindo wa Torrens, huohuo uliotoka Australia 1858 na ambao Waingereza walituletea Kenya, na jimbo hili likauingiza 1901. Hizo zina cheti halisi cha umiliki kinachowekwa na msajili wa hati wa kaunti, na madeni na vikwazo vinaandikwa kwenye cheti hichohicho. Zilizobaki zinaitwa abstrakti, yaani hakuna cheti, kuna mlolongo wa karatasi tu. Unaweza kukuta zote mbili mtaa mmoja, kwetu jirani wa ng'ambo ya uchochoro ni Torrens na sisi ni abstrakti. Piga simu kaunti uliza hili kabla ya lingine lolote, manake kama yako ni Torrens sachi yako itakuwa nyepesi sana, unaomba cheti unasoma yaliyoandikwa humo.

Yangu ilikuwa abstrakti, nikaanza vibaya. Niliingia tovuti ya kaunti nikaandika anwani, likaja jina la binamu, nikafurahi nikafunga kompyuta. Kumbe ule ni ukurasa wa kodi! Jina lililoko pale ni la anayetumiwa bili, na anaweza kuwa yeyote. Sachi yenyewe unaifanya kwenye rekodi za rekoda kwa majina, upande mmoja waliotoa na upande mwingine waliopokea. Unaanza na muuzaji wako kwa waliopokea, unaona alipewa na nani, unamfuata huyo naye alipewa na nani, unarudi nyuma hivyohivyo (wenye kazi yao wanarudi angalau miaka 40, ni mambo ya sheria ya jimbo). Halafu kila mmoja unamtafuta tena kwa waliotoa, kipindi chote alichoishika nyumba, uone alitoa nini kingine, manake mkopo wa nyumba nao unaingia huko kwa waliotoa.

Na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoumia, kwa majina yetu. Binamu ana majina matatu kama sote, lake, la baba, la babu. Kwenye didi yake ya 2009 jina la babu ndio limekaa mwisho. Nikatafuta kwa jina la babu, safi, hakuna deni. Siku ya pili niko pale ofisini yule mama akaniuliza, umetafuta kwa kiwanja? Nikamwambia sijui hata hicho ni kitu gani. Akanifungulia indeksi nyingine inayofuata loti na bloku (namba za kiwanja) badala ya jina, na hapo ukatokea mkopo wa pili wa 2011 ambao benki ilimwandika jina la baba mwisho, tena Abdalla ikaongezwa h kule nyuma. Nikampigia binamu hapohapo, akaapa deni alishalimaliza zamani na barua anayo. Kweli alikuwa nayo, lakini karatasi ya benki ya kuachilia nyumba haikuwahi kuletwa kaunti, kwa hivyo kwenye rekodi deni lilikuwa hai miaka yote hiyo. Kuipata hiyo karatasi kutoka benki ilituchukua wiki sita na simu sina idadi. Kwa hiyo dada, tafuta kwa majina kwa kila namna yanavyoweza kugeuzwa na kuandikwa, NA kwa kiwanja. Na ukikuta hukumu ya deni ya mtu mwenye jina kama la muuzaji wako usikimbie bado, wenye majina kama yetu mji huu ni wengi, anaweza kuapa kwa maandishi kwamba si yeye na hiyo nayo ikasajiliwa.

Sachi pia ina shimo. Muulize muuzaji kama ameezeka paa au kubadilisha madirisha karibuni. Fundi ambaye hajalipwa ana siku 120 tangu siku ya mwisho ya kazi kuja kuandikisha deni lake juu ya nyumba, kwa hivyo leo rekodi ziko safi na mwezi ujao umeshakuwa umenunua kesi.

Haya, didi yenyewe. Fomu za jimbo ziko bure kwenye tovuti ya idara ya biashara ya Minnesota, usilipe mtu. Muuzaji akikwambia mtumie didi ya kwitklemu, hiyo maana yake nakuachia chochote nilichonacho, na kama sina kitu basi nimekuachia hicho hicho. Kwa ndugu sawa, sisi ndiyo tuliyotumia. Wewe unatoa pesa, mwambie akupe didi ya waranti, ambayo muuzaji anabeba dhamana.

Ya kwetu ilirudishwa, na kosa ni langu mwenyewe. Nilinakili maelezo ya kiwanja kutoka kwenye bili ya kodi, kumbe kule huwa wanafupisha. Kwenye bili mwisho kulikuwa na vifupi viwili tu vya kusema isipokuwa sehemu ya barabara, kwenye didi ya 2009 hiyo sehemu ya barabara ni mistari sita mizima yenye futi na nyuzi. Unatakiwa unakili kutoka didi ya zamani neno kwa neno, koma kwa koma. La pili sikuandika kama binamu ameoa. Hapa lazima iandikwe, na kama ni nyumba wanayoishi mke au mume naye anasaini hata kama jina lake halimo popote. Shemeji alikuwa Ohio kwa binti yake, akasaini kwa notari wa kulekule ikakubaliwa. Mengine angalia: juu ya ukurasa wa kwanza wanataka inchi 3 tupu za kupiga mihuri yao, liandikwe jina na anwani ya aliyeitayarisha karatasi, na usicheke, lazima muuzaji aseme kuhusu kisima, kama kipo au hajui kama kipo. Hata nyumba iwe katikati ya mji na mfereji unatiririka, ikiuzwa bila lile tamko la kisima hawapokei.

Pesa sasa. Kusajili ni dola 46 kwa karatasi moja. Kodi ya didi ni 0.0033 ya bei, au 0.0034 kama uko Hennepin au Ramsey, kwa hivyo nyumba ya dola 240,000 ni 792 au 816, na desturi huku anailipa muuzaji, mkumbushe. Sisi kwa kuwa tulipewa bure tulilipa dola 1.65. Bei ikizidi dola 3,000 kuna fomu ya thamani ya mauzo mnajaza mtandaoni kwanza. Na kabla rekoda hajaigusa inapita kwa watu wa kodi, kukiwa na kodi ya miaka ya nyuma haijalipwa hapiti mtu.

Ukishasaini usiiweke kwenye droo hata siku moja. Minnesota mtu akiuza nyumba mara mbili, aliyenunua bila kujua na akawahi kusajili ndiye anayebaki nayo. Ndio maana kwa upande wako wewe ningelipa kampuni ya taito tu au wakili, wafanye sachi, washike pesa, wasajili, na ununue ile bima ya hati, inayokulinda dosari ya umiliki ikijitokeza baadaye, unailipa mara moja. Mie nilijifanyia mwenyewe kwa sababu alikuwa ni binamu na pesa haikutoka.

Baada ya kusajili nenda kwa mtathmini wa kaunti ujiandikishe kwamba unaishi humo, kabla mwaka haujaisha, kodi inapungua. Na zitakuja barua zenye nembo kama za serikali zikitaka karibu dola 100 wakutumie kopi ya didi yako. Tupa, kaunti yenyewe inatoa kopi iliyothibitishwa kwa dola 10.

Mama alipiga simu wiki ileile, anataka aione hati. Nikampigia picha. Akakaa kimya, kisha akauliza, mbona haina muhuri mwekundu, na hiyo stika ya namba pembeni ni ya nini. Nikamwambia mama, hiyo stika ndiyo hati yenyewe. Mpaka leo haniamini, ananiambia nirudi tena nikawaulize.